Dua za Kila Siku Katika Vinywa vya Waislamu wa Pwani

Wengi wetu tufundishao katika shule za misheni twakaa kati ya Waislamu, na hasa sisi tulio pwani au karibu na pwani. Kutwa kucha twasikia maneno mafupi ya Kiarabu yakitoka vinywani mwa jirani zetu: alapo mtu, ashibapo, ajikwaapo, apigapo chafya, asikiapo habari ya msiba. Kwa kuwa twayasikia sana, twadhani twayajua. Kumbe pengine hatujui maana yake wala mahali pake. Nimeona yafaa niyaeleze machache, nikianza na kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa mwalimu kijana, mtu wa bara niliyeletwa pwani, siku moja nilikuwa nikifundisha hesabu. Mtoto mmoja akapiga chafya, akasema, “Alhamdulillahi.” Papo hapo watoto sita saba wakamjibu kwa sauti moja maneno nisiyoyafahamu, naye akawajibu tena. Nikadhani wananifanyia mzaha. Nikawatoa wote nje, nikawasimamisha juani mpaka kengele ya adhuhuri.

Jioni akaja babu yake mtoto yule, mzee wa mvi, akabisha hodi barazani.

“Shikamoo, mzee,” nikamwambia.

“Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza, mjukuu wangu amekosa nini?”

Nikamweleza. Akatabasamu kidogo, kisha akanyamaza kitambo, akasema, “Mwalimu, mtoto amemshukuru Mungu, na wenzake wamemwombea rehema. Ikiwa katika shule yako ni kosa, niambie, nami nitamkataza asifanye mbele yako. Lakini kumwambia kwamba ni jambo baya, hilo sitaweza.”

Nikaona haya sana. Kesho yake naliwataka radhi watoto wale mbele ya darasa zima. Tangu siku ile nalikwenda mara nyingi barazani kwa mzee yule, naye akanifundisha mengi katika haya niyaandikayo.

I. Sala, dua na dhikiri

Neno dua ni la Kiarabu, na asili yake ni kuita: mwenye kuomba dua amwita Mungu. Waislamu huitenga dua na sala. Sala ina nyakati zake tano, ina udhu wake na kibla chake, na maneno yake ni ya Kiarabu. Dua haifungwi hivyo. Mtu aweza kuomba wakati wo wote, amesimama au amelala, na akipenda aweza kuomba kwa Kiswahili. Katika dua ndefu huinua viganja, na walio pamoja naye huitikia “Amina,” kisha wengi hupangusa nyuso zao. Dua fupi za kila siku hazina hata kuinua mikono. Husemwa tu mtu akiendelea na kazi yake. Tena liko neno la tatu, dhikiri, maana yake ni kumtaja Mungu kwa kukariri jina lake au sifa zake.

Sisi Wakristo pia tunayo maneno haya mawili ya kwanza katika vitabu vyetu, wala hatuyatumii kwa maana moja. Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Timotheo, aitaja dua mbali na sala. Mwalimu anayewafundisha watoto wa pwani afahamu kwamba asemapo “tusali,” mtoto wa Kiislamu afikiri udhu na kurukuu. Asemapo “tuombe,” amfahamu upesi zaidi.

Dua hizi zimetoka wapi? Baadhi zimo katika Kurani. Nyingi zimepokewa katika hadithi, yaani habari za maneno na matendo ya Muhammad, aliyekufa mwaka 632. Wakusanyaji wakubwa wa hadithi walikuwa Bukhari, aliyekufa mwaka 870, na Muslim, aliyekufa mwaka 875. Baadaye Imamu Nawawi wa nchi ya Shamu, aliyekufa mwaka 1277, alikusanya dua na dhikiri za kila wakati katika kitabu kiitwacho Al-Adhkar. Yeye alikuwa mtu wa madhehebu ya Shafii, na Waislamu wengi wa pwani yetu ni wa madhehebu hayo. Kwa hiyo maneno yake yana uzito kwao. Lakini watoto wengi hawakujifunza dua zao kitabuni. Walizipata kwa mama zao, kabla hawajapelekwa chuoni.

II. Wakati wa kula

Aanzapo kula, Mwislamu husema “Bismillahi,” maana yake, kwa jina la Mungu. Akisahau, akakumbuka katikati ya chakula, husema maneno yenye maana ya kwamba, kwa jina la Mungu mwanzo wake na mwisho wake. Amalizapo husema “Alhamdulillahi,” sifa njema ni za Mungu. Katika hadithi imepokewa kwamba Muhammad alimfundisha mtoto mmoja aliyekuwa akilelewa nyumbani mwake mambo matatu ya chakula: kutaja jina la Mungu, kula kwa mkono wa kuume, na kula kilicho mbele yake. Atakaye kuyaona mambo haya matatu, na akae katika sinia moja na watu wa pwani. Hapana atiaye mkono mbele ya mwenzake, na anyoshaye mkono wa kushoto huwachukiza wote, hata wasiponena neno.

Neno hili limeingia katika Kiswahili likapata kazi nyingine. Mwenye nyumba humkaribisha mgeni chakulani kwa kusema, “Karibu, bismillahi.” Mtoto akijikwaa akaanguka, mama hulia, “Bismillahi!” na fundi ashikapo chombo cha kazi husema vivyo hivyo.

Katika kuchinja, mchinjaji hutaja jina la Mungu na kusema “Allahu Akbar,” Mungu ni mkubwa. Mnyama aliyekufa bila kuchinjwa ni nyamafu, haliwi. Hapa pana jambo la maana kwetu. Mara nyingi katika sikukuu ya kanisa au arusi ya Kikristo tumealika jirani zetu, nao wakaja, wakakaa kwa adabu, wasiguse nyama, kwa kuwa hawakujua imechinjwaje. Wazee wetu wengi wa Kikristo walikwisha kulijua hilo, wakawa na desturi ya kumwita Mwislamu achinje, ili watu wote wale pamoja. Desturi hiyo ni ya busara. Anayeona ni unyonge, na ajiulize kama karamu imeandaliwa kwa ajili ya mwenyeji au kwa ajili ya wageni.

III. Chafya na miayo

Sasa nirudi kwa kosa langu. Apigaye chafya husema “Alhamdulillahi.” Amsikiaye humjibu “Yarhamuka ’llahu,” Mungu akurehemu. Naye hujibu kwa kuwaombea kwamba Mungu awaongoze na kuitengeneza hali yao. Haya ni mazungumzo ya dua tatu: shukrani, maombezi, na malipo ya maombezi. Kwa Shafii jibu hili ni sunna, na akijibu mmoja katika watu waliopo yatosha, ila ni bora wajibu wote. Ndiyo sababu watoto wangu walijibu kwa pamoja. Walikuwa wakitenda lililo bora. Tena mpiga chafya asiposema “Alhamdulillahi,” hana haki ya kujibiwa.

Nalimwuliza mzee, “Nami nikipiga chafya, utaniambiaje?” Akasema, “Nitakuombea Mungu akuongoze na akutengenezee mambo yako. Hivyo ndivyo tulivyopokea kwa watu wa vitabu.” Sikuona neno la kuchukia. Nani kwetu asiyehitaji kuongozwa?

Miayo ni kinyume. Chafya huhesabiwa kuwa neema, bali miayo huhesabiwa kuwa ni katika mambo ya shetani. Kwa hiyo mtu hufunika kinywa chake, na wengi husema “Audhubillahi,” najikinga kwa Mungu. Mtoto akifanya hivyo darasani, hakutukani somo lako.

IV. Kuingia, kutoka na kusafiri

Aingiaye msikitini hutanguliza mguu wa kuume, naye hutoka kwa mguu wa kushoto, akiomba milango ya rehema aingiapo, na fadhili za Mungu atokapo. Chooni ni kinyume: huingia kwa mguu wa kushoto na kutoka kwa wa kuume. Kabla ya kuingia huomba kinga kwa mashetani, waume na wake. Na akiisha kutoka huomba maghufira. Akiwa ndani halitaji jina la Mungu, wala haitikii salamu. Basi mwalimu asimwite mtoto aliye chooni na kumkasirikia kwa kuwa hakuitika. Mtoto anyamaza kwa heshima.

Atokaye nyumbani hulitaja jina la Mungu na kusema kwamba amemtegemea yeye. Kutoka hapo tumepata neno tawakali, ambalo kila Mswahili analijua, na watu hulitumia kuwa jina la chombo na la duka. Safarini ziko dua zitokazo katika Kurani: mwenye kupanda mnyama au chombo humsifu aliyemtiishia hicho anachokipanda, na kukumbuka kwamba mwisho wake atarejea kwa Mola wake. Kwa safari ya bahari hukumbuka maneno ya Nuhu alipoingia katika safina. Nahodha na mabaharia wa jahazi wana desturi ya kusoma Fatiha kabla ya kutweka. Naye abakiye humwaga msafiri, “Fi amani ’llahi,” nenda katika amani ya Mungu. Na sisi sote tusemapo “Kwa heri,” tumeomba heri, ingawa hatukumbuki kwamba ni dua.

V. Usiku na asubuhi

Katika dua zote nilizofundishwa, hizi mbili zilinigusa zaidi. Alalapo, Mwislamu hujilaza kwa ubavu wa kuume na kusema kwamba kwa jina la Mungu yeye hufa na kwa jina lake huishi. Aamkapo humshukuru Mungu aliyemhuisha baada ya kumfisha, na kwake ndiko kufufuliwa. Wao wauona usingizi kuwa ndugu wa mauti, na kila asubuhi kuwa mfano wa ufufuo. Asomaye sala zetu za usiku, na zaburi zisomwazo katika sala hizo, ataona kwamba waliotutangulia nao walijikabidhi kwa Mungu walipokwenda kulala, kama watu wasiojua kwamba wataamka.

Mvua, radi, mwezi mwandamo, kuvaa nguo mpya, kufuturu katika Ramadhani, kila jambo lina dua yake. Sitazieleza moja moja.

VI. Inshallah na Mashallah

“Inshallah” maana yake, Mungu akipenda. Kurani yamkataza mtu kusema kwamba atafanya jambo kesho, pasipo kuongeza neno hili. Yakobo naye, katika sura ya nne ya waraka wake, awaonya vivyo hivyo wale wasemao leo au kesho tutakwenda mji fulani tukafanye biashara. Kwa watu wa pwani, asemaye “nitakuja kesho” tu, bila kuongeza neno, aonekana mwenye kiburi.

Wageni wengi wamesema kwamba Inshallah ni kukataa kwa adabu. Naliuliza barazani juu ya hilo. Mzee akakiri kwamba wako watu wauwekao uvivu wao nyuma ya jina la Mungu, akasema, “Hao wana makosa mawili, uongo mmoja, na kumshuhudisha Mungu uongo wa pili.” Basi tusilihukumu neno kwa sababu ya walitumiao vibaya.

“Mashallah” maana yake, ni alilolipenda Mungu. Husemwa mtu aonapo kitu kizuri: mtoto mnene, shamba lililostawi, nyumba mpya. Asemaye hukiri kwamba uzuri umetoka kwa Mungu, na hivyo hujitenga na kijicho. Nilipokuwa mgeni nalimsifu mtoto mchanga wa jirani, nikasema, “Lo! mtoto huyu mnene sana!” nikanyamaza. Mama akamfunika mwanawe kwa kanga, akaingia ndani. Nalidhani ana kiburi. Kumbe alikuwa na hofu. Neno moja tu lingaliuondoa moyoni mwake.

Pamoja na hayo twasikia “Subhana ’llahi” mtu astaajabupo, “Astaghfiru ’llahi” asikiapo uovu au akosapo ulimi, na “La haula” ashindwapo na jambo, maana hapana hila wala nguvu ila kwa Mungu. “Wallahi” si dua. Hicho ni kiapo.

VII. Ugonjwa na mauti

Mgonjwa huzuruwa, na azuruye humwambia kwamba hapana neno, ugonjwa ni kutakaswa, Mungu akipenda. Mtu akikaribia kufa, walio karibu naye humtamkia shahada polepole ili liwe neno lake la mwisho. Na akiisha kuzikwa, kwa desturi ya Shafii, humsomea talkini kaburini. Ifikapo habari ya mauti, kila asikiaye husema “Innalillahi,” nayo ni mwanzo wa maneno ya Kurani ya kwamba sisi ni wa Mungu, na kwake tutarejea. Husemwa hata mtu apotewapo na kitu kidogo. Kisha huja matanga na khitima, yaani kuisoma Kurani yote kwa ajili ya marehemu.

VIII. Dua, hirizi na maapizo

Mwalimu asichanganye dua na mambo mengine yaliyo karibu nayo. Dua ni maneno aombwayo Mungu. Hirizi ni maandiko yaliyoshonwa na kuvaliwa. Kombe ni maneno yaliyoandikwa sahanini kwa zafarani, yakaoshwa kwa maji, na mgonjwa akayanywa. Halbadiri ni kisomo kisomwacho juu ya mwizi au mdhalimu, nacho chaogopwa sana. Wanavyuoni wa Kiislamu wenyewe hawakupatana juu ya mambo hayo. Wengine huyaruhusu, wengine huyakemea. Lakini hawashindani juu ya kusema Bismillahi mezani. Atakayeyakusanya yote pamoja na kuyaita uganga, atakuwa amewasingizia jirani zake. Wao nao wana methali, “Dua la kuku halimpati mwewe,” waisemayo kwa anayelaani bure. Na methali hiyo yaonyesha kwamba walikwisha kupima nguvu ya maapizo.

IX. Impasavyo Mkristo

Nimeulizwa mara nyingi na walimu wenzangu: je, Mkristo aweza kuyasema maneno haya? Nionavyo mimi, yafaa tuyagawe mafungu mawili. La kwanza ni maneno ya kumshukuru na kumtegemea Mungu, ambayo yamekuwa Kiswahili: Alhamdulillahi, Inshallah, Mashallah. Wakristo wa Misri na wa Shamu, ambao lugha yao ni Kiarabu, huyasema kila siku, wala hawawi Waislamu kwa hayo. Fungu la pili ni maneno yaliyo ungamo la dini ya Kiislamu, kama shahada na kumsalia Muhammad. Hayo Mkristo asiyaseme. Si kwa dharau, bali kwa uaminifu, maana mtu asitamke kwa kinywa neno asiloliamini moyoni ili awapendeze watu. Mwislamu mwenye akili hatamheshimu kwa kufanya hivyo.

Kati ya mafungu hayo mawili lipo jambo la tatu, nalo ni kunyamaza kwa adabu. Hilo nalijifunza siku mzee wangu alipokufa. Nalikwenda matangani, nikavua viatu, nikakaa mkekani pamoja na watu. Fatiha iliposomwa na mikono ikainuliwa, mimi nalitulia nikainamisha kichwa, nikamwomba Mungu kwa maneno yangu. Sikuigiza, wala sikutoka nje. Walipokwisha, naliwaendea wanawe, nikawaambia kwa Kiswahili, “Makiwa, ndugu zangu. Mungu awape subira.” Mkubwa wao akanishika mkono, akasema, “Amina, mwalimu. Baba alikuwa akisema wewe ndiwe mwalimu aliyewataka radhi watoto.”

Alikuwa amelikumbuka jambo lile miaka ile yote. Huenda watoto niliowasimamisha juani walilikumbuka pia, kila mmoja katika kazi yake. Kwa hiyo nawasihi wenzangu, na hasa vijana watumwao sasa kwenda shule za pwani: mkisikia neno msilolifahamu kinywani mwa mtoto, ulizeni kwanza. Pengine mtoto yule alikuwa akiomba.